Seyyid Barghash na Mitambo Yake

Ndugu wasomaji, na ninyi wakubwa wetu mliokwisha toka katika shule hii, nataka kuwaeleza habari za maisha ya Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, aliyetawala tangu mwaka wa 1870 hata mwaka wa 1888. Labda mtauliza, mwanafunzi wa Kajaga, kando ya Ziwa Tanganyika, ana shauri gani na Sultani wa pwani? Basi nitaanza na kisa kilichonipeleka kwake.

Mwaka huu, wiki chache kabla ya mitihani, jenereta ya shule ilizimika wakati wa kusoma jioni. Tulidhani mafuta yamekwisha, kumbe sivyo. Akaitwa fundi, mzee mmoja atengenezaye mashine za mitumbwi ya wavuvi hapa ufukweni. Aliifungua, akatuonyesha kipande kidogo kilichoungua, kisichozidi kiganja cha mkono. Barua ikapelekwa kwa watu waliotuuzia mashine ile. Jibu likaja kwamba kipande hicho kiwanda kimeacha kukitengeneza tangu miaka mingi, wala hakuna akiba iliyobaki. Mashine nzima ikakaa kimya kwa sababu ya kipande kimoja, nasi tukasoma kwa mishumaa na kwa taa za simu za walimu.

Katika siku hizo za giza somo letu la historia lilikuwa limefika Unguja. Mwalimu alitueleza kwamba jumba la Seyyid Barghash, Beit al-Ajaib, lilikuwa na taa za umeme tangu miaka ya 1880. Wenzangu walistaajabia taa. Mimi niliwaza jambo jingine: mtambo ule ulipoungua kipande, kingine kilitoka wapi? Swali hilo ndilo lililonifanya nisome maisha ya mtu huyu, na nimeona kwamba maisha yake yote ni jibu lake.

Barghash alizaliwa karibu na mwaka wa 1837. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, na mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Alikuwa mmoja katika wana wengi, na tangu ujana wake alikuwa mtu wa moyo mkali, asiyependa kuwa wa pili. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1856 Seyyid Said alifariki baharini akirudi Unguja kutoka Oman, na Barghash alikuwamo katika meli ileile. Walipofika alijaribu kujitwalia madaraka, lakini hakufaulu, na nduguye Majid akatawala Unguja. Miaka 3 baadaye, yaani mwaka wa 1859, alijaribu tena kwa silaha. Wafuasi wake walijifungia katika nyumba ya shamba iitwayo Marseilles. Hata dada zake walimsaidia, na mmoja wao alikuwa Bibi Salme, ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani na kuandika kitabu cha maisha yake. Waingereza wakamsaidia Majid, Barghash akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay katika Bara Hindi.

Bombay ilikuwa adhabu, lakini nadhani ilikuwa na shule pia. Mji ule ulikuwa na reli tangu mwaka wa 1853, meli za moshi zilijaa bandarini, na mwaka wa 1860 maji ya Ziwa la Vihar yalianza kuletwa mjini kwa mabomba. Kijana aliyekulia Unguja, ambako maji yaliteka visimani na kubebwa vichwani mwa watu, aliyaona hayo yote kwa macho yake. Alikaa huko muda wa miaka 2 hivi, kisha akaruhusiwa kurudi kwao, akatulia akingoja zamu yake.

Zamu ilifika mwezi wa Oktoba mwaka wa 1870, Majid alipofariki. Lakini nchi aliyoirithi Barghash ilikuwa na taabu nyingi. Katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu. Kisha tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja meli zilizokuwa bandarini, pamoja na meli za Sultani mwenyewe. Mwaka uliofuata Waingereza walimtishia kuzingira kisiwa kwa manowari, na tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kulifunga soko lao. Ni lazima tuseme kweli: utajiri wa nyumba yake ulijengwa kwa jasho la watumwa, na wengi walitolewa katika nchi za huku bara. Hakulifunga soko lile kwa hiari.

Basi tumwone mtu huyu baada ya misiba hiyo. Meli hana, mikarafuu ya Unguja imelala chini, na mapato ya zamani yamekatwa. Mtu mwingine angaliketi akalia. Barghash aliamua kuijenga nchi yake upya kwa vitu vya kisasa. Mwaka wa 1875 alikwenda Uingereza, akapokewa na Malkia Victoria, akatembezwa katika miji yenye viwanda. Aliporudi alianza kuagiza. Alileta mtambo wa kupigia chapa vitabu. Alinunua meli za moshi za kuchukua abiria na bidhaa, ili wafanya biashara wasitegemee kampuni za kigeni peke yake. Mwaka wa 1879 waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, na kuanzia siku hiyo habari za Ulaya, zilizokuwa zikichukua wiki nyingi, zikawa za saa chache.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu ndipo ilipo shabaha ya habari yangu. Kitu huweza kufa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuchakaa: chuma hula kutu, mbao huoza, kamba hukatika. Njia hiyo sote twaijua. Njia ya pili ni kupitwa na wakati: kitu chenyewe ni kizima, lakini waliokitengeneza wameacha kukitengeneza, na mafundi waliokijua wamekufa au wamejifunza kazi nyingine. Mashine kubwa ina vipande mamia, na kila kipande kina umri wake. Mwenye mashine huhesabu umri wa mashine nzima. Kumbe angepaswa kuhesabu umri wa kipande kinachokufa kwanza. Sasa tuangalie vitu vya Barghash kimoja kimoja.

Mwaka wa 1879 alijenga reli ya maili 7 hivi, kutoka mjini hata jumba lake la Chukwani. Kwanza mabehewa yalivutwa na nyumbu. Mwaka wa 1881 akaagiza kichwa kidogo cha garimoshi katika kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Bila shaka lilikuwa jambo la fahari, lakini kichwa kile hakikuwa na mwenzake kisiwani. Mafundi wa magari wa hapa Bujumbura hununua gari bovu ili kutoa mapiesi ya kutengenezea gari zima. Fundi wa Unguja alikuwa hana garimoshi bovu la kutolea kitu. Hata parafujo ilibidi isafiri baharini. Makaa ya mawe nayo hayachimbwi Unguja. Tena reli ile haikuchukua karafuu wala watu wa mjini, ila Sultani na jamaa zake, kwa hiyo hapakuwa na mwingine wa kuililia. Barghash alipofariki mwaka wa 1888, reli iling'olewa na garimoshi likawa chuma chakavu. Halikuishi hata miaka 10.

Kitu cha pili ni meli yake kubwa, Glasgow. Mwaka wa 1873 manowari ya Kiingereza yenye jina hilo ilifika Unguja, na Sultani akaipenda umbo lake. Akaagiza Uskoti meli ya kumfanana, ikaundwa, ikashushwa majini mwaka wa 1878. Kosa lilikuwa katika mfano wenyewe. Ile Glasgow ya Waingereza ilikuwa manowari ya mbao, iliyoshushwa majini mwaka wa 1861, na kabla yake, mwezi wa Desemba mwaka wa 1860, Waingereza walikuwa wamekwisha shusha Warrior, manowari yao ya kwanza yenye kiwiliwili cha chuma kilichovikwa deraya. Maana yake, Sultani aliagiza kitu kipya kwa mfano uliokwisha achwa na wenyewe. Ilipofika haikumpendeza, ikatia nanga mbele ya mji, ikakaa hapo mwaka baada ya mwaka.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa bunduki. Mwaka wa 1877 Barghash alianza kuunda jeshi la kisasa, na luteni wa Kiingereza, Lloyd Mathews, akaliongoza. Bunduki zao zilikuwa za aina ya Snider, zilizotoka Uingereza. Lakini jeshi la Uingereza tangu mwaka wa 1871 lilikuwa limekwisha chagua bunduki nyingine, Martini-Henry. Mwenye nacho hukupa kile anachokiacha. Bunduki bado inapiga, hiyo ni kweli. Ila anayekupa ndiye ajuaye siku risasi zake zitakapokoma kutengenezwa.

Sitaki msomaji adhani kwamba kila kitu cha zamani ni cha kutupwa. Luteni Mathews mwenyewe alitoka katika meli kuukuu sana, London, iliyoshushwa majini mwaka wa 1840 kama manowari ya matanga. Baadaye ilitiwa mtambo wa mvuke, na ilipokuwa haifai tena kwa vita, Waingereza hawakuivunja. Waliileta Unguja mwaka wa 1874, wakaitia nanga bandarini, wakaifanya ghala, hospitali, na kambi ya mashua zilizokuwa zikisaka majahazi ya watumwa. Ilifanya kazi hiyo karibu miaka 10, kisha ikavunjwa. Wale waliijua hali ya chombo chao, wakakipa kazi iliyolingana na nguvu zake. Meli mbili zilikuwa katika bandari moja: kuukuu inafanya kazi kila siku, na mpya imelala.

Sasa nije kwenye kitu ambacho mimi nakiona kuwa kazi bora ya Seyyid Barghash. Ni maji. Alijenga mfereji wa kuleta maji safi kutoka chemchemi ya kaskazini ya mji, mahali paitwapo Chemchem, hata ndani ya mji wenyewe, na watu wakateka bila ya kulipa. Tafakarini jinsi kazi hii ilivyo tofauti na zile nyingine. Maji hushuka yenyewe kutoka juu kwenda chini. Hayahitaji makaa ya mawe wala mtambo wa kuyasukuma. Kipande kimoja cha bomba ni sawa na kingine, na kikipasuka, cha jirani yake hakidhuriki. Mwashi wa Unguja ajuaye chokaa na mawe aliweza kuziba ufa wa mfereji bila ya kuandika barua Ulaya. Na walioyahitaji maji hayakuwa majumba ya kifalme tu, bali mji mzima, kwa hiyo kila mtawala aliyekuja baada yake alilazimika kuyatunza na kuyaongeza. Barghash alikufa, usultani wake ukawekwa chini ya Waingereza, na maji yake yaliendelea kushuka mjini katika karne iliyofuata. Garimoshi liliwashangaza watu kwa miaka michache, na maji yaliwaponya watu kwa miaka mingi.

Jumba la Beit al-Ajaib lilikamilika mwaka wa 1883. Jina lake maana yake ni Nyumba ya Maajabu, na kweli lilikuwa la ajabu: refu kuliko nyumba zote za mji, lina nguzo za chuma kilichosubiwa, taa za umeme, na hata chumba cha kupandishia watu juu kwa mashine. Kuta zake zilikuwa za mawe ya matumbawe, na sakafu zake za zege juu ya maboriti ya chuma. Ajuaye ujenzi ataona mara moja kwamba hapa kuna vitu vya umri mbalimbali vilivyofungwa pamoja. Jiwe laweza kuishi karne nyingi. Chuma karibu na bahari hula kutu polepole, na kikiwa kimefichwa ndani ya sakafu, kutu yake haionekani mpaka siku ya msiba. Nitarudi katika jumba hili.

Mpaka hapa nimesema habari za vyuma na mawe. Lakini utawala nao una vipande vyake, na hapo ndipo Barghash alipopata pigo kubwa kuliko yote. Miaka mingi alimtegemea balozi wa Kiingereza, Dk. John Kirk, katika kila shauri kubwa. Jeshi lake liliongozwa na Mwingereza, na tumaini lake la kulindwa na mataifa mengine lilikuwa Uingereza. Alikuwa na kipande kimoja cha kushikilia dola nzima, na kipande hicho kilitoka kwa muuzaji mmoja tu.

Mwisho wa mwaka wa 1884 Mjerumani mmoja, Carl Peters, alipita bara akiwatilisha machifu alama katika karatasi ambazo hawakuzielewa. Mwezi wa Februari mwaka wa 1885 Kaizari wa Ujerumani akatangaza kwamba nchi zile ziko chini ya ulinzi wake. Barghash alipeleka simu Berlin kupinga. Waya ulifanya kazi yake, lakini haki haikurudi kwa njia ya waya. Mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake, na mizinga ikaelekezwa mjini. Akageuka kuwatazama Waingereza. Lakini siasa ya Ulaya ilikuwa imebadilika. London ilihitaji urafiki wa Berlin, na Kirk aliamriwa amshauri Sultani akubali. Mwaka wa 1886 mataifa hayo mawili yakagawana bara, na Barghash akaachiwa visiwa vyake na ukanda wa pwani wa maili 10 tu. Kipande alichokitegemea kilikuwa kizima bado. Ila mwenye kiwanda aliacha kukiuza.

Baada ya hayo hakuishi sana. Alikuwa mgonjwa, akasafiri kwenda Oman kutafuta nafuu, akarudi, na mwezi wa Machi mwaka wa 1888 akafariki Unguja. Umri wake ulikuwa miaka 50 hivi.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 1896 mwanawe Khalid alijitwalia kiti cha usultani bila ya idhini ya Waingereza, nao tarehe 27 wakaupiga mji kwa mizinga. Vita vile vilikwisha kabla ya saa moja kupita. Glasgow, iliyolala miaka yote ile, ilifyatua mizinga yake ya kizamani juu ya manowari za kisasa, ikazamishwa palepale, na milingoti yake ikabaki imetokeza juu ya maji ya bandari mpaka ilipovunjwa mwaka wa 1912. Mnara uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib uliharibika, na jumba lenyewe likapona. Likatumika kama ofisi za serikali, na baadaye likawa nyumba ya makumbusho. Lakini wahenga walikwisha sema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka wa 2012 sehemu yake ilianguka, na tarehe 25 Desemba 2020, wakati mafundi walipokuwa wakilitengeneza, upande mkubwa wenye mnara wa saa uliporomoka, watu 2 wakafa. Jumba lilikuwa limeishi miaka 137. Kwa miaka mingi lilitazamwa kwa nje, na vipande vya ndani vikafa bila ya kuhesabiwa.

Msomaji wa huku ziwani atasema kwamba hayo ni mambo ya bahari. Basi nimkumbushe meli tunayoijua, Liemba, ambayo miaka ya nyuma ilikuwa ikifika hata bandari yetu ya Bujumbura. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka wa 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku, ikasafirishwa kwa bahari na kwa reli hata Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa ziwani mwaka wa 1915. Wakati ule jina lake lilikuwa Graf von Götzen. Mwaka wa 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini mafundi wake waliipaka mitambo grisi nyingi kwanza, ili isiharibike ndani ya maji. Waingereza waliiopoa mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke ilitolewa ikatiwa ya dizeli, na mwaka wa 1993 ikafanyiwa matengenezo makubwa tena. Jina, bendera na mitambo, vyote vilibadilishwa, na meli ikaendelea. Glasgow ya Barghash ilikaa miaka 18 bila ya kubadilishwa neno, ikafa. Tofauti yao ni nini? Liemba ilikuwa na watu wengi kando ya ziwa waliohitaji mchele, dagaa na safari, na kila zama walitokea mafundi waliouliza mapema ni kipande gani kitakachokoma, na badala yake itakuwa nini.

Wala jambo hili si la watu maskini tu. Mwaka wa 2002 ilijulikana kwamba NASA, shirika la Marekani lirushalo vyombo angani, lilikuwa likitafuta katika masoko ya vitu vilivyotumika vipande vya kompyuta vya Intel 8086, vya miaka ya 1970, kwa sababu mitambo ya kupimia vyombo vyake ilikuwa bado inavitumia. Wenye akili na fedha nyingi nao walikuwa kama sisi na jenereta yetu. Wahandisi wa siku hizi wana dawa chache za maradhi haya. Hununua akiba ya kutosha kabla kiwanda hakijafunga kazi. Huchagua tangu mwanzo vipande vinavyotengenezwa na viwanda vingi. Hutafuta kipande kingine kinachoweza kushika mahali pa kile cha kwanza. Na zaidi ya yote, huandika kila badiliko, ili atakayekuja kesho ajue mashine ina nini ndani.

Sasa nimalizie kisa chetu. Yule mzee fundi hakukata tamaa, kwani kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alitafuta mjini kipande cha mashine ya aina nyingine, kilichozidi chetu kidogo kwa ukubwa. Alikata bati, akatengeneza kikalio kipya, akageuza nyaya mbili, na usiku wa siku ya nne taa zikawaka. Tulipiga makofi, lakini yeye hakucheka. Alituuliza kama shule ina daftari la mashine ile. Hatukuwa nalo. Akatuonyesha katika chuma alama za mikono ya mafundi watatu au wanne waliomtangulia, kila mmoja amebadilisha jambo lake bila ya kuandika neno. Alisema kwamba amepoteza siku 2 nzima kwa kubahatisha walichokifanya wenzake, na kwamba fundi ajaye atapoteza siku nyingine kwa kubahatisha alichokifanya yeye.

Kesho yake nilinunua daftari. Nimeandika humo kipande kilichoungua, kipande kilichotiwa, namna nyaya zilivyogeuzwa, na tarehe. Nitakapomaliza shule nitamkabidhi mwanafunzi wa darasa linalonifuata. Kwa hiyo nawaomba ninyi wanafunzi wa zamani: kama katika miaka yenu mlimwona fundi akiifungua mashine ile, au mkamshikia taa, tuandikieni mnayoyakumbuka, hata kama ni neno moja. Seyyid Barghash alikuwa na fedha, akili na moyo wa kuijenga nchi yake, na alinunua vitu vizuri vya zama zake. Mfereji wa maji uliishi kwa sababu watu wa mji waliweza kuutengeneza wenyewe na kuwaachia wenzao kazi hiyo. Jenereta yetu bado inaunguruma jioni hii ninapoandika, na ukurasa wa pili wa daftari lake ni mtupu, unawangoja.